Sura ya Sita: Ghala la Kizuiani

Barabara ya Kilwa ikitoka katikati ya Dar es Salaam hupita Mtoni, ikafika Kizuiani kabla ya Rangi Tatu. Hapo Kizuiani kuna kambi ya jeshi, kikosi cha 671 KJ, na kuizunguka kambi hiyo kuna Mbagala yenyewe: nyumba za matofali ya saruji zilizobanana, shule, misikiti na makanisa, vibanda vya mama lishe, gereji za uani. Jumatano tarehe 29 Aprili 2009, kabla ya adhuhuri, ghala la mabomu ndani ya kambi lililipuka. Watoto walikuwa darasani na akina mama sokoni. Mabomu yaliruka juu ya ukuta wa kambi yakaangukia mitaani, mengine yakalipuka hapo hapo, mengine yakazama ardhini bila kulipuka. Watu wakakimbia bila kujua wanakimbilia wapi. Waliokufa walizidi 20, askari wakiwemo. Nyumba zilizopasuka kuta au kuezuliwa mabati zilihesabiwa kwa maelfu.

Serikali iliwapa pole wafiwa, ikaunda tume, ikaahidi fidia. Haikupita hata miaka miwili. Usiku wa tarehe 16 Februari 2011 maghala ya kikosi cha 511 KJ huko Gongo la Mboto yakaanza kulipuka. Anga ya Ukonga, Pugu na Kitunda ikawa nyekundu. Uwanja wa ndege wa Julius Nyerere ukafungwa. Maelfu ya watu walilala Uwanja wa Uhuru, Temeke, na kwa siku kadhaa redio zilikuwa zikisoma majina ya watoto waliopotezana na wazazi wao katika lile giza. Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliliambia Bunge kuwa maghala 23 yameteketea. Kwa mara ya pili waliokufa walizidi 20.

Naanza na maghala haya kwa sababu mjadala wa Bunge kuhusu matumizi ya jeshi kwa kawaida huanzia mahali pengine. Huanzia kwenye ndege za kivita, rada, na siku hizi droni. Hivyo ndivyo vinavyopigwa picha, ndivyo vyenye bei za kutisha, na ndivyo wapinzani huvijengea hoja. Lakini kazi ya Bunge haikomi siku mkataba unaposainiwa. Kitu kilichonunuliwa kinatunzwa miaka 30 au 40, na gharama ya kukitunza, kukikagua na mwishowe kukiteketeza kwa usalama ni sehemu ya bei yake. Gharama hiyo isipoulizwa Dodoma inahamia Kizuiani, na huko hailipwi kwa fedha.

Mabomu yana umri. Baruti inayosukuma kombora imetengenezwa kwa kemikali ambazo huvunjika taratibu zenyewe, hata kama hakuna mkono uliozigusa. Kiwandani huchanganywa na kemikali nyingine ya kuituliza, na hiyo nayo huisha kadiri miaka inavyokwenda. Ikiisha, baruti hujipasha joto yenyewe hadi ikawaka. Joto la nje huharakisha mambo, na Dar es Salaam yenye ghala la bati, hewa nzito na jua la Februari ni mahali pabaya sana pa kuachia baruti izeeke. Dawa yake inajulikana: kuchukua sampuli kila baada ya muda, kupima maabara, kutenganisha yaliyochoka na yaliyo salama, kuyaangamiza kwa utaratibu, na kuweka umbali wa kutosha kati ya ghala na ghala na kati ya ghala na makazi. Umoja wa Mataifa ulitoa miongozo ya kimataifa ya kuhifadhi risasi na mabomu mwaka 2011, mwaka ule ule wa Gongo la Mboto. Kwa hiyo hapa hatuzungumzii siri za vita. Tunazungumzia matengenezo, jambo ambalo mhasibu yeyote angelielewa.

Wala hatukuwa wa kwanza. Januari 2002 ghala la kambi ya Ikeja, Lagos, lililipuka na watu zaidi ya 1,000 wakafa, wengi wao kwa kuzama kwenye mfereji walipokuwa wakikimbia usiku. Machi 2007 ghala la Malhazine lililipuka katika vitongoji vya Maputo, mji mkuu wa jirani zetu wa kusini, likaua watu wapatao 100. Mwaka mmoja baada ya Gongo la Mboto ikafuata Mpila, mjini Brazzaville, na vifo vya mamia. Mtindo ni ule ule: ghala lililojengwa nje ya mji zamani, mji uliokua ukalizunguka, mabomu yaliyozeeka, na wakuu walioshtuka. Kutoka Maputo 2007 hadi Mbagala 2009 kulikuwa na miaka miwili ya kuuliza swali moja tu: maghala yetu yako katika hali gani?

Swali kama hilo lina mlango wake. Katiba, ibara ya 63, inalipa Bunge madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi, na haikuweka mabano ya kuliondoa jeshi. Kila mwaka Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa huja na mafungu yake matatu: Fungu 57 la wizara, Fungu 38 la Ngome, yaani JWTZ, na Fungu 39 la JKT. Kwa pamoja mafungu hayo yamevuka shilingi trilioni 3 kwa mwaka. Kamati ya Mambo ya Nje, Ulinzi na Usalama huyapitia faragha kwanza, kisha waziri husoma hotuba, mwenyekiti wa kamati husoma maoni, wabunge huchangia kwa dakika walizopangiwa. Halafu Bunge hukaa kama Kamati ya Matumizi na mafungu huitwa moja moja. Hapo ndipo mbunge anaweza kushika shilingi ya mshahara wa waziri na kumlazimisha ajibu. Muda ukiisha, gilotini hushuka na mafungu yaliyobaki hupita kwa pamoja, yawe yamejadiliwa au la.

Aliyewahi kuusikiliza mjadala wa siku hiyo anajua unavyokuwa. Makamanda wamekaa kwenye jukwaa la wageni na mavazi yao rasmi. Mbunge akisimama, anaanza kwa kulipongeza jeshi, na pongezi hizo ni za haki: hili ni jeshi lililomtoa Idi Amin Kagera na kumfuata hadi Kampala, na lililopoteza askari wasiopungua 14 katika shambulio moja la Semuliki, Congo, Desemba 2017. Lakini pongezi zinakula dakika zote. Mchango unaishia kwenye ombi la nafasi za JKT kwa vijana wa jimbo na malalamiko ya mpaka kati ya kambi na shamba la mwananchi. Fungu 38, ambalo ndilo lenye fedha nyingi, linapita bila mtu kugusa kifungu kimoja. Na mwaka 2016, matangazo ya moja kwa moja ya Bunge yalipositishwa kwenye televisheni ya taifa, mkazi wa Mbagala alipoteza hata njia rahisi ya kujua kama mbunge wake alinyamaza.

Mbunge anayethubutu kuuliza hukutana na neno siri. Mfano ulio wazi kuliko yote ni Meremeta. Kampuni hiyo ilihusishwa na mgodi wa dhahabu wa Buhemba, mkoani Mara, na ilielezwa kuwa na uhusiano na jeshi. Ilipoanguka, fedha za umma zilitumika kulipa madeni yake kupitia Benki Kuu. Dk. Willibrod Slaa, wakati huo mbunge wa Karatu, alitaka maelezo mwaka 2008, na wabunge wengine wakalirudia jambo hilo kwa miaka. Jibu la Serikali, kwa mdomo wa Waziri Mkuu, lilikuwa kwamba Meremeta ni suala la ulinzi wa nchi na halizungumziki hadharani. Ninaamini kabisa kuna mambo ya jeshi ambayo hayapaswi kutajwa bungeni: mahali kikosi kilipo, uwezo wa kombora, mpango wa kivita. Lakini deni la mgodi wa dhahabu kwa benki ya nje si mpango wa kivita. Adui gani angefaidika kwa kulijua?

Rada ndiyo iliyotuonyesha kile kinachoweza kukaa nyuma ya pazia hilo la siri. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Serikali iliamua kununua mfumo wa rada uitwao Watchman kutoka kampuni ya Uingereza, BAE Systems, kwa pauni milioni 28, takriban dola milioni 40 za wakati huo. Ulielezwa kuwa wa matumizi ya kiraia na kijeshi kwa pamoja, na maelezo hayo ndiyo yaliyouweka katikati, pasipo mtu wa kuuhoji: kwa watu wa usafiri wa anga ulikuwa wa jeshi, kwa watu wa jeshi ulikuwa wa kiraia. Tanzania ilikuwa ndiyo kwanza inasamehewa madeni yake kama nchi maskini, na mfumo wenyewe ulinunuliwa kwa mkopo wa benki ya Barclays. Benki ya Dunia ililitaka Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga liutathmini, na wataalamu wakasema ni ghali mno na haufai vizuri kwa ndege za abiria.

Desemba 2001 serikali ya Tony Blair iliidhinisha leseni ya kuuza. Waziri wake wa maendeleo ya kimataifa, Clare Short, alipinga waziwazi. Wabunge wa London waliuliza maswali, magazeti yao yakaandika. Mambo ya ndani kabisa ya rada ya Watanzania yalikuwa yakijadiliwa ukumbini Westminster, maelfu ya kilomita kutoka uwanja wa ndege ambako ingefungwa.

Miaka ikapita. Januari 2007 gazeti la Guardian la Uingereza likaandika kuwa takriban dola milioni 12, karibu asilimia 30 ya bei, zilikwenda kwa wakala, mfanyabiashara wa Dar es Salaam aitwaye Sailesh Vithlani. Ofisi ya Uingereza ya kuchunguza ulaghai mkubwa ilikuwa tayari kazini. Aprili 2008 Andrew Chenge, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wakati mkataba ukisainiwa, alijiuzulu uwaziri wa miundombinu baada ya kufahamika kuwa ana zaidi ya dola milioni moja kwenye akaunti ya Jersey. Fedha hizo aliziita vijisenti, akakana kuwa na uhusiano na rada, na hakufunguliwa mashtaka. Vithlani alifunguliwa kesi Dar es Salaam akiwa ameshaondoka nchini. Desemba 2010, mbele ya mahakama ya Southwark, BAE ilikiri kosa la kutotunza hesabu ipasavyo. Haikukiri rushwa. Ilipigwa faini ya pauni 500,000, na chini ya makubaliano yake na wachunguzi ikatakiwa kuilipa Tanzania pauni milioni 29.5.

Hata fedha hizo zilichelewa. Kampuni ilitaka zigawiwe kwa njia yake yenyewe. Mwaka 2011 ujumbe wa wabunge wetu ukiongozwa na Naibu Spika Job Ndugai ulikwenda London kuzidai, na kamati ya maendeleo ya kimataifa ya bunge la Uingereza ikawaita wakubwa wa BAE kuwahoji. Mwaka 2012 zikalipwa, zikanunua vitabu na madawati ya shule za msingi. Ninaishukuru safari ile ya wabunge. Lakini ilikuwa safari ya kudai chenji, miaka kumi baada ya mauzo. Hakuna kiongozi wa Tanzania aliyetiwa hatiani kwa rada, na hakuna kikao cha kamati yetu cha mwaka 2000 ambacho tunaweza kuwaonyesha watoto wetu na kusema: hapa ndipo bei ilipohojiwa.

Katika miaka ile ile ya kununuliwa kwa rada ilinunuliwa ndege ya Rais, Gulfstream, kwa bei iliyotajwa kufika dola milioni 40. Hii angalau ilijadiliwa kwa sauti, na Waziri wa Fedha wa wakati huo, Basil Mramba, alinukuliwa akisema itanunuliwa hata ikibidi wananchi wale nyasi. Kauli hiyo ilimfuata maisha yake yote. Ikilinganishwa na rada, ndege ile ilikuwa na faida moja: kila mtu aliiona.

Majirani nao wana hadithi zao. Uganda ilinunua ndege sita za kivita za Urusi aina ya Su-30 pamoja na silaha nyingine kwa dola milioni 740. Fedha zilichotwa benki kuu kwanza, na Bunge la Kampala likaombwa kuidhinisha mwaka 2011 wakati zimeshatoka. Kenya iliagiza meli ya kivita kutoka Hispania mwaka 2003, ikaingia kwenye sakata la Anglo Leasing, na ikawasili Mombasa 2012. Januari 2017 Marekani ilitangaza uwezekano wa kuiuzia Kenya ndege ndogo za kushambulia, zisizozidi 12 pamoja na mbili za mafunzo, kwa dola milioni 418. Aliyepiga kelele mapema kwamba bei ni kubwa na kwamba kampuni nyingine imerukwa alikuwa Ted Budd, mbunge wa North Carolina, jimbo ilikokuwa kampuni hiyo iliyorukwa. Alikuwa akitetea ajira za kwao. Hata hivyo ni yeye aliyewafungulia Wakenya mlango wa kuhoji. Inaniuma kuona mara ngapi swali letu limeulizwa na mtu wa mbali aliyekuwa na sababu zake.

Wapo wanaosema Bunge letu haliwezi kabisa kugusa vyombo vya usalama. Si kweli, na ushahidi upo. Mwaka 2011 Jeshi la Polisi lilisaini mkataba wa shilingi bilioni 37 na kampuni ya Lugumi kufunga mitambo ya kutambua alama za vidole katika vituo 108. Mkaguzi Mkuu aligundua kasoro, na mwaka 2016 Kamati ya Hesabu za Serikali, ikiongozwa na Naghenjwa Kaboyoka, ikaunda kamati ndogo ikakague vituo vyenyewe. Walikuta shilingi bilioni 34 zimeshalipwa, na mitambo inayofanya kazi iko katika vituo 14. Hawakufichua mbinu hata moja ya upelelezi. Walihesabu tu mashine. Ripoti yao haikujadiliwa kwa kina kama ilivyostahili, na Serikali ilipewa miezi kukamilisha kazi. Lakini njia yenyewe ilionekana: chukua ripoti ya Mkaguzi, panda gari, nenda ukaone.

Njia hiyo hiyo ingefaa maghala. Kamati ya ulinzi hukutana faragha, wajumbe wake wanaweza kuapishwa kutunza siri, na ghala la Kizuiani lilikuwa umbali mfupi kwa gari kutoka ofisi ndogo za Bunge Dar es Salaam. Wangeuliza tarehe ya kutengenezwa kwa mabomu, tarehe ya kipimo cha mwisho, na fedha zilizotengwa kuyaangamiza yaliyochoka. Wangepima kwa macho umbali kutoka ukuta hadi darasa la kwanza. Ripoti ya tume ya 2009 ingewekwa mezani, angalau mapendekezo yake, ili 2010 kamati iulize kilichotekelezwa. Hilo lisipofanyika, Gongo la Mboto huja ikiwa na mshangao ule ule.

Sasa zamu ni ya droni, na hapa kuna jambo la kutazama mapema. Kijana wa Sinza anayetaka kurusha droni ndogo apige picha za harusi ufukweni Mbezi lazima awe na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga na idhini ya Wizara ya Ulinzi. Sina ugomvi na sharti hilo. Anga ni la ulinzi. Lakini droni za kijeshi zinaingia Afrika kwa kasi: Ethiopia ilizitumia vitani Tigray, Congo imenunua za China. Ni chombo cha bei nafuu kuliko ndege ya rubani, na unafuu huo ndio hatari yake kibajeti, kwa sababu kinaweza kununuliwa kidogo kidogo bila kufikia kiwango cha kumshtua mtu. Gharama iko kwenye vipuri, mitambo ya mawasiliano, mafunzo, na mkataba wa matengenezo unaolifunga jeshi kwa muuzaji mmoja. Umoja wa Mataifa ulipoanza kurusha droni zisizo na silaha kutoka Goma, Congo, Desemba 2013, eneo ambalo askari wetu walikuwa wametoka tu kupigana na waasi wa M23, jambo hilo lilikuwa limeshajadiliwa Baraza la Usalama na nchi jirani zikatoa wasiwasi wao. Waasi hawakupata siri yoyote kutokana na mjadala ule. Kama chombo kinachorushwa juu ya uwanja wa mapambano kinaweza kujadiliwa wazi, bei ya kile kitakachokaa uwanjani kwetu inaweza kujadiliwa walau na wajumbe 20 katika chumba kilichofungwa.

Wa kwanza kunufaika angekuwa askari mwenyewe. Yeye ndiye anayelala ndani ya uzio na ghala bovu. Yeye ndiye anayepanda helikopta iliyonunuliwa mbovu, kama Uganda ilivyojifunza miaka ya 1990 ilipoletewa helikopta chakavu kutoka Belarus, hata ikaundwa tume chini ya Jaji Julia Sebutinde. Asilimia 30 inayokwenda kwa wakala ni viatu, mafuta na vipuri ambavyo havikufika kikosini. Mbunge anayehoji Fungu 38 anamtetea koplo, na inafaa aseme hivyo kwa sauti, makamanda wakiwa wamekaa pale juu wakimsikiliza.

Fidia ya Mbagala ilisumbua kwa miaka. Wapo waliopokea hundi ndogo kuliko gharama ya kurekebisha ukuta, wapo walioambiwa majina yao hayamo, na madai yakaendelea kurudi bungeni awamu baada ya awamu. Wakati huo mji haukusimama: Chamazi, Mbande, Majohe na Chanika zimejaa nyumba, na viwanja vinauzwa kuelekea kambi kwa sababu ndiko kulikobaki nafuu. Kila mwaka hotuba ya Waziri wa Ulinzi huwa na sehemu ya upimaji wa maeneo ya jeshi, migogoro ya mipaka na fidia za ardhi. Ni kurasa chache, na kwa kawaida ndizo wabunge wa Dar es Salaam huzichangia. Mbunge wa Mbagala, wa Ukonga au wa Kawe yenye Lugalo anaweza kuanzia hapo hapo, bila kugusa siri yoyote, akashika shilingi na kuuliza: ghala lililo jirani na shule ya jimboni kwangu lilikaguliwa lini na nani, yaliyokwisha muda yamehamishiwa wapi, na katika orodha ya 2009 ni kaya ngapi bado zinadai?